Mfuko wa Kushoto

Kima alimng'ata mama mkwe asubuhi, mbele ya mlango wake mwenyewe, kwenye kidole gumba cha mkono wake wa kushikia mkasi. Mama alikuwa anatoka dukani, mfuko mkononi na mwavuli kwapani, akamkuta mnyama ameketi kizingitini kama mgeni aliyealikwa. Akamtishia kwa mwavuli. Kima hakukimbia. Alishika mfuko, mama naye akashika mfuko, na katika kuvutana huko meno yakapita.

Mkwewe, mume wa bintiye, alipofika mbio kutoka msituni alimkuta ameketi kitandani, mkono umefungwa kipande cha kitambaa cha sare ya shule aliyokuwa akiishona. Damu ilikuwa imeanza kupenya. Alisimama mlangoni, maana chumba cha mkwe hakiingiwi ovyo hata kama kuna damu.

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa, baba. Ni kidole tu, si shingo. Wageni umewaacha na nani?"

"Wageni watasubiri."

"Mgeni hasubiri, anaondoka. Rudi kazini. Mke wako atanipeleka zahanati."

Hakurudi upesi. Alitazama sakafuni, palipoanguka ule mfuko wa dukani. Kulikuwa na mkate, sabuni, na ndizi mbili zilizobondeka. Kima hakuugusa mkate; ndizi ndizo alizozivuta.

Mtaa mzima ulimwita mkwe huyo Mluzi, hata wale waliolijua jina lake. Msitu wao uko katikati ya mji, kama kiraka cha kijani kwenye suruali ya fundi magari: upande mmoja barabara kuu na maghala, upande wa pili nyumba zao za mabati. Zamani watu wa mtaa huo waliingia humo na mashoka. Baadaye waliunda kikundi, wakaanza kupanda walipokata, kulinda walipokuwa wakiiba, na kuwatembeza wageni kwa kiingilio kidogo. Kiingilio hicho ndicho kilichovuta bomba la maji hadi getini na kununua madawati ya shule. Kila mwongoza wageni alikuwa na chake. Mmoja alijua ndege, mwingine alijua miti ya dawa. Yeye alikuwa na mluzi. Alisimama kwenye kidaraja cha mbao, akapiga sauti tatu, mbili fupi na moja ya kuvuta, na kima wakashuka.

"Anaongea nao," wageni walinong'onezana. Wengine walifika getini wakimwulizia yeye, na waliondoka wakimwachia kitu mkononi.

Ukweli wenyewe ulikuwa mdogo, ukitosha mfukoni. Siku moja alikuwa ametembeza wageni asubuhi nzima bila kuwaonyesha kiumbe zaidi ya siafu. Bibi mmoja kati yao alisema kwa upole, "Basi, labda siku nyingine." Angemtukana isingemuuma vile. Kesho yake Mluzi alitangulia kidarajani peke yake, na mfuko wa kushoto wa koti lake la kazi ulikuwa na ndizi. Mluzi, ndizi. Mluzi, ndizi. Mpaka kukawa na kima mmoja mzee, mwenye ndevu nyeupe zilizochanika upande, ambaye hakungoja kurushiwa. Alikuja akaketi mguuni, akajitolea mwenyewe mfukoni. Akishuka huyo, wenzake hushuka.

Na pale getini palikuwa na kibao: Usilishe Wanyama. Kila mwongoza wageni alitakiwa kukieleza kabla ya kuingia. Hakuna aliyekieleza vizuri kama Mluzi. "Mnyama akizoea mkono wa mtu," aliwaambia, "siku mkono ukiwa mtupu ataudai. Na akishaanza kudai, hana tena pa kupelekwa." Wageni waliitikia kwa vichwa. Aliyasema kwa sauti nzuri, na alikuwa anayaamini.

Ndizi zilitoka kwenye meza ya mkewe. Mkewe huyo, Mama Chai, aliuza chai, mayai ya kuchemsha na ndizi hapo hapo getini. Zile zilizoiva kupita kiasi hadi jioni hazikuuzika, na mumewe alijitolea kwenda kumtupia kwenye shimo la taka la sokoni. Mama Chai alijivunia jambo hilo kuliko vitu vingi vya ndoa yake.

"Wangu hata taka ananitupia," aliwaambia wanawake wenzake. "Nyinyi wenu wanatupa nini?"

"Wetu wanatutupa sisi," walimjibu, wakacheka wote.

Kikundi kilikutana jioni ya siku iliyofuata baada ya mama kung'atwa, kwenye mabenchi ya kibanda cha geti. Mwenyekiti alikuwa mchoma mkaa mstaafu ambaye bado aliitwa Shoka, na alikuwa na kawaida ya kuongea huku akiangalia mikono yake.

"Tusitafute mchawi," alisema. "Kima hashuki mtaani bure. Kuna mtu anamlisha. Nataka tujue kabla watu wa manispaa hawajaja kuhuisha kibali chetu. Wakisikia mama wa watu ameng'atwa na sisi tumekaa kimya, watafunga geti, tutarudia mashoka."

Mwanamke wa kitalu cha miche akajikohoza. "Mimi simsemi mtu. Nasema ndizi. Ndizi hapa zinauzwa wapi?"

"Nitaje tu, dada," akasema Mama Chai. "Usinizunguke kama sijavaa."

"Haya, nimekutaja."

"Maganda yangu nayafunga kwenye kiroba, kila mtu anaona. Mgeni akila kwangu, ganda analiacha kwangu. Na huyo aliyeng'atwa ni mama yangu mzazi. Nimlishe kima ili amng'ate mama yangu?"

"Hakuna aliyesema makusudi. Zile zinazooza, je?"

"Zinatupwa shimo la sokoni. Mume wangu ndiye anayenitupia, kila jioni. Yupo hapo, ana mdomo. Muulizeni."

Wote wakamgeukia. Mluzi alikuwa ameketi pembeni na koti lake, na alihisi kwamba harufu ya ndizi iliyokolea mfukoni inamfikia kila mtu benchini.

"Natupa," alisema.

Angeishia hapo. Lakini Shoka, ambaye hakuwa na ubaya, aliuliza, "Zote?"

"Zile anazonipa. Asizonipa sizijui." Ilimtoka taratibu, kwa sauti ya mtu anayejitahidi kutenda haki. Kisha, kana kwamba ulimi umeona njia ya kushuka, akaongeza, "Niliwahi kumwambia azisogeze mbali na geti."

Hakuwahi kumwambia. Mkewe alimtazama, wala si kwa hasira. Alimtazama kama muuza duka aliyerudisha chenji sawasawa akaambiwa imepungua. Kisha akainamisha kichwa, akaanza kukung'uta nguo yake vumbi ambalo halikuwapo.

Wakakubaliana meza iondoke getini mpaka itakapoamuliwa vingine. "Si adhabu, mama," alisema Shoka. "Ni tahadhari." Halafu akainua macho kutoka mikononi mwake. "Na tumshukuru Mluzi. Si kila mwanamume anayeweza kusema ukweli mbele ya mkewe."

Watu wachache walipiga makofi.

Waliibeba meza wenyewe kwenda nyumbani, yeye mbele, mkewe nyuma, birika na vikombe vikigongana kwenye beseni juu yake. Mtaa haukosi macho.

"Mnahama?" kinyozi aliuliza kutoka mlangoni kwake.

"Tunainyoosha meza miguu," alijibu Mama Chai. "Imesimama sana."

Kinyozi akacheka. Mluzi, aliyewapa mgongo wote wawili, hakucheka. Walipoiweka meza uani mkewe aliuliza, bila kuinua sauti, "Uliniambia lini?"

"Nini?"

"Nisogeze ndizi."

"Nafikiri... niliwahi."

"Labda nilikuwa nimelala," alisema, akaingia ndani.

Siku zilizofuata walikula mayai ya kuchemsha mpaka wakayachoka. Mama Chai alianza kwenda kufua nguo kwenye nyumba za watu, na nyumba ya kwanza kumwita ilikuwa ya yule mwanamke wa kitalu. Alikwenda. "Sabuni haina kinyongo," alisema aliporudi, akijipaka mafuta kwenye vidole vilivyochubuka. Mluzi aliendelea kuongoza wageni. Ndizi hazikuwapo tena, naye alipita njia ya mbali na kidaraja, akiwaambia kima wako upande wa juu msimu huu. Lakini yule mzee mwenye ndevu zilizochanika alionekana mara kwa mara juu ya mabati ya mtaa, akishuka, akikagua mikono ya wapita njia. Kina mama walianza kuwatuma watoto dukani wawili wawili, na fimbo.

Kidole cha mama mkwe kilivimba. Zahanati walimchoma sindano za kuzuia kichaa cha mbwa, wakamwambia asikigusishe maji wala mkasi. Wazazi walikuja kuchukua vitambaa vyao vya sare, kwa adabu, wakivikunja wenyewe na kusema hawana haraka, ni shule tu zinafunguliwa. Mama aliwasaidia kukunja kwa mkono mmoja.

Alasiri moja alimwita mkwewe. Alikuwa ameketi mbele ya cherehani iliyofunikwa, sindano ya mkono katikati ya midomo.

"Nitungie uzi, baba. Hiki kidole kinaona kila tundu ni dogo."

Mluzi aliingia, akachukua sindano, akasogea dirishani. Uzi ulimkwepa mara kadhaa.

"Yule mnyama nimemfikiria sana," alisema mama, akiangalia nje. "Watu wanasema alinivamia. Hakunivamia. Alikuwa ameketi, anasubiri. Mimi ndiye niliyeanza kwa mwavuli. Na hata aliponishika hakuniangalia usoni, aliniangalia mikono. Kama mtu anayedai chake."

"Ni wakorofi, mama."

"Sijui. Mimi nimedaiwa na watu wengi katika ujane huu. Anayedai namjua. Hamdai mtu asiyewahi kumpa kitu." Akakitazama kidole chake. "Mimi sikuwahi kumpa kitu. Na mwanangu namjua, nimemzaa. Angekuwa ndiye, angesema."

Uzi ukapita tunduni. Mluzi aliushika pande zote mbili, akafungua mdomo, na neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Hapo mkewe akaingia na beseni la nguo za watu kichwani, akauliza kama kuna aliyeiona sabuni, na neno likarudi lilikotoka. Mluzi alimkabidhi mama sindano bila kumtazama. Mama aliipokea, akasema ahsante, na Mluzi akatoka na hiyo ahsante hadi uani.

Afisa wa wanyamapori alikuja na gari la wazi nyuma, tundu la nondo, na bunduki iliyofungwa kwenye gunia. Alikuwa mtu mpole, mwenye haraka za mtu anayesubiriwa sehemu nyingine. Tundu liliwekwa karibu na kidaraja, likatiwa kichane kizima cha ndizi mbivu. Kikundi chote kilikuwapo. Mama mkwe aliletwa ili amtambue mnyama, na Mama Chai alikuja kwa sababu ya kumshika mama yake mkono kwenye mteremko. Alisimama nyuma ya watu, kama asiyehusika.

"Alikuwaje, mama?"

"Alikuwa na ndevu nyeupe."

"Wote wana ndevu nyeupe, mama yangu."

Watu wakacheka kidogo, na mama naye akacheka. Juu kwenye matawi kima walikuwa wameketi wakiwatazama, na hakuna aliyesogelea tundu. Watu walikuwa wengi mno.

"Hapa tunaye anayewaita," alisema Shoka, akamshika Mluzi bega. "Mluzi, mwite. Yule aliyezoea atakuja, wengine watabaki juu."

Walimpisha. Mluzi alisogea kidarajani, mikono nje ya koti. Alijua jambo moja ambalo wenzake hawakulijua: akipiga mluzi ule wenyewe, mnyama hatakwenda kwenye tundu. Atakuja kwake. Basi akapiga mwingine. Aliuvuta mwanzo, akaukata mwisho, sauti yoyote tu ya mtu anayepita njia. Matawi yalitikisika na upepo, basi.

"Tena," alisema Shoka.

Akapiga tena, vile vile.

"Leo midomo imekauka," mtu mmoja alisema.

Afisa alitazama saa yake, akafungua gunia la bunduki. "Sina siku nzima, jamani. Yule pale, aliye chini kuliko wengine, hajatuogopa hata kidogo. Atakuwa ndiye."

Wote wakatazama alikoonyesha. Alikuwa kima jike, ameketi kwenye shina lililoinama, na tumboni pake mtoto alikuwa amejishika kwa mikono na miguu. Mama mkwe alikunja macho. "Sina hakika, baba," alimwambia afisa. "Siwezi kuapa."

"Si lazima uape, mama."

"Si yeye," alisema Mluzi.

"Umejuaje?"

Aliwageukia watu, akamwona mkewe nyuma yao, mikono yake iliyochubuka imeshika mkono wa mama yake. Akalamba midomo. Kisha akapiga mluzi kama alivyoupiga kila alfajiri alipokuwa peke yake: mbili fupi, moja ya kuvuta.

Kima mzee alitoka upande ambao hakuna aliyekuwa akiutazama, nyuma yao, kutoka kwenye mabati ya mtaa. Alipita katikati ya miguu ya watu. Alipita kando ya tundu na kichane chake cha ndizi bila kugeuka. Alifika kidarajani, akaketi karibu na mguu wa kushoto wa Mluzi, akasubiri kidogo, kama alivyofunzwa. Kisha akanyoosha mkono, akauingiza kwenye mfuko wa kushoto wa koti mpaka kwenye kiwiko, akapekua. Akautoa mtupu. Akanusa vidole vyake, akainua uso kumtazama.

Afisa alibaki na gunia mkononi.

"Kumbe shimo la sokoni ndilo hilo," alisema Mama Chai.

Alisema polepole, kama mtu aliyekiona kitu alichokitafuta nyumba nzima, na sasa hakitaki tena.

Afisa alimwambia Mluzi arudi nyuma kidogo kidogo. Alirudi, kima akarudi naye. Akasogea kando, kima akasogea. "Basi mtie wewe mwenyewe," alisema afisa, na sauti yake haikuwa na dharau, ndiyo sababu ilikuwa nzito. Mluzi alikwenda hadi kwenye tundu, akapiga magoti, akafumba ngumi ya kushoto kana kwamba ina kitu, akaiingiza kati ya nondo kutoka upande wa nyuma. Kima aliifuata ngumi, akaingia mlangoni bila wasiwasi, akaanza kuifungua kidole kimoja kimoja. Mlango ukashuka. Kiganja hakikuwa na kitu.

Wakalipandisha tundu garini, wakalifunika gunia.

"Anapelekwa wapi?" aliuliza mama mkwe.

Afisa alifunga kamba kwanza. "Mama, akishazoea mkono wa mtu, hana pa kupelekwa."

Baadhi ya watu walimtazama Mluzi, maana maneno hayo waliwahi kuyasikia, tena kwa sauti nzuri zaidi.

Kibali kilihuishwa. Shoka aliwaeleza watu wa manispaa yote, hakuficha jina. Beji ya mwongoza wageni aliipokea kutoka kwa Mluzi bila kuongea sana. "Tulikupigia makofi," alisema tu, akiangalia mikono yake. Mluzi alipewa kazi ya kufagia njia na kumwagilia miche, chini ya yule mwanamke wa kitalu, naye hakumnyanyasa. Alimwonyesha ndoo zilipo.

Meza ilirudi getini. Waliibeba Mama Chai na kinyozi. Mluzi alikuwa uani siku hiyo, ameshajiweka tayari upande wa mbele, na mkewe alisema, "Acha, nimepata mtu." Ndizi zikipitiliza, alikwenda kuzitupa mwenyewe. Nyumbani aliongea na mumewe kwa mambo yanayohitajika: maji yamechemka, mlango haujafungwa, mama anakuita. Siku moja wale wanawake walimuuliza kwa mazoea wako anatupa nini siku hizi. Alimimina chai, akawaambia inapoa.

Kidole cha mama mkwe kilipona kikiwa kigumu kidogo kwenye kiungo. Asubuhi aliyofunua cherehani yake kwa mara ya kwanza, kabla ya sare, kabla ya kazi ya mtu yeyote anayelipa, alimwomba bintiye amletee lile koti la kazi kutoka msumarini. Alilikung'uta kwanza, akaugeuza mfuko wa kushoto ndani nje, akautoa makombo makavu meusi, akaurudisha ndani. Kisha akaushona mdomo, kutoka pembe hadi pembe, mishono ya karibu karibu, kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cha kijani.

Akamwita mkwewe. Safari hii Mluzi hakuvuka kizingiti.

"Vaa, baba," alisema mama, akimnyooshea koti. "Nje kuna baridi."

Alivaa. Alishuka kuelekea kitaluni na ndoo yake, akapita mbele ya meza ya mkewe, ambako wageni walikuwa wakinywa chai na kijana mgeni kazini akiwaeleza kile kibao. Mkono wake wa kushoto ulishuka wenyewe, kwa mazoea, ukatafuta pa kuingia, ukakutana na mshono, ukabaki nje.